Migongo ya Kiambu kwa Baisikeli

Kutoka Ruaka hadi Limuru kuna njia mbili za baisikeli. Ya kwanza ni ya lami: Ndenderu, Banana, Tigoni. Matatu zinakupita karibu zikuguse kiwiko, lori la mawe linakupigia honi kutoka nyuma, na ukingo wa barabara umemeguka kiasi kwamba ukitaka kukwepa, pa kukwepea ni mtaroni tu. Ya pili haina jina wala kibao. Ni vijia vya murram, yaani udongo mwekundu wa kokoto usio na lami, barabara za ndani ya mashamba ya chai na njia za punda wa maji, ambazo mzoefu huziunganisha moja baada ya nyingine mpaka akatokea Limuru. Ni ndefu zaidi na ina vilima vingi zaidi. Lakini unaweza kuifuata saa nzima, na chombo pekee cha injini utakachokutana nacho ni trekta lililobeba majani mabichi ya chai.

Naandika kuhusu hiyo ya pili. Naipenda kuliko barabara nyingine yoyote niliyowahi kupita kwa baisikeli, na kila mwaka inazidi kupungua.

Naishi Nairobi na baisikeli ndiyo usafiri wangu wa kazini. Anayeendesha baisikeli katika mji huu anaijua hali ya kuishi na masikio yaliyogeuzwa nyuma. Hiyo ni matatu au ni boda? Imepunguza mwendo au inakuja vilevile? Kaunti ya Nairobi iliandika sera nzuri mwaka 2015, ikaahidi kutenga asilimia 20 ya bajeti ya usafiri kwa wanaotembea kwa miguu na wanaoendesha baisikeli. Barabara Kuu ya Thika ilipofunguliwa mwaka 2012 ilikuwa na njia yetu kando. Leo sehemu nyingi za njia hiyo zina meza za viatu, majiko ya mahindi ya kuchoma na pikipiki zinazosubiri abiria, nami siwezi kumlaumu mama anayetafuta karo kwa kuweka jiko lake palipo na watu. Ila sisi tunarudi kwenye lami pamoja na malori. Nawajua watu walionunua baisikeli nzuri, wakaipanda majuma machache, wakaitundika ukutani. Miguu yao ilikuwa na nguvu bado. Woga ndio uliowashinda.

Ukishaingia kwenye murram, masikio yanarudi mahali pake. Kwanza unasikia cheni yako mwenyewe, kisha kokoto zikirukia vyuma vya baisikeli, kisha sauti za mbali: mtu anapasua kuni ng'ambo ya bonde, redio iko kwenye banda la ng'ombe, mwalimu wa kwaya anarudia wimbo uleule. Hapo ndipo unapogundua jinsi ulivyokuwa umejikaza mabega tangu Ruaka.

Sababu ya utulivu huo iko kwenye umbo la ardhi. Kiambu, ukiitazama kwenye ramani inayoonyesha mwinuko, imekaa kama mkono uliotandazwa: kiganja kiko Nyandarua, vidole vinaelekea kusini-mashariki, upande wa Nairobi na Thika. Kila kidole ni mgongo mwembamba wa ardhi, na kati ya mgongo na mgongo kuna mto: Riara, Kiu, Kamiti, Ruiru. Ardhi yenyewe ni mawe na majivu ya volkano za kale yaliyooza yakawa udongo mwekundu wenye kina kirefu, na maji yameichonga bila taabu. Waliojenga barabara walifuata mgongo, kwa kuwa huko juu kumenyooka na hakuna daraja la kujenga. Nyumba zikafuata barabara, soko likafuata nyumba, matatu zikafuata soko. Ndiyo maana magari ya Kiambu karibu yote hupanda na kushuka yakifuata vidole. Anayetaka kuvuka kutoka mgongo huu hadi ule, kwenda kwa shangazi au kupeleka ng'ombe kwa dume, hushuka bondeni kwa miguu. Njia hizo za kuvukia ndizo zetu.

Mvuko mmoja unaweza kuwa kilomita mbili tu, lakini ndani yake mna kila kitu. Chukua ule ulio chini ya Riara Ridge. Juu unaanza kati ya nyua za kayaba, mti wa miiba, zilizokatwa zikanyooka, kuku wakikimbia mbele ya gurudumu. Kisha nyumba zinaisha na barabara inainama. Mvua ya Aprili imechora mfereji katikati yake, wakati mwingine wa kina cha goti, nawe unachagua ubavu mmoja na kuung'ang'ania mpaka chini, kwa sababu katikati ya mteremko hakuna kubadili nia. Unasogeza makalio nyuma ya kiti, unagusa breki kwa vidole viwili, unaangalia mbali na si kwenye gurudumu. Majani ya nepia yanakupiga mikononi. Hewa inapoa ghafla: umefika kwenye nduma, majani yake mapana yamejaa bondeni kando ya maji. Daraja ni magogo mawili ya mkaratusi yaliyofunikwa udongo. Ukivuka, mlima unaanza palepale, hakuna hata hatua kumi za kupumzika.

Kupanda kwenye murram mkavu kuna utaratibu wake. Ukisimama kwenye pedali, gurudumu la nyuma linakosa uzito na kuanza kuteleza. Ukikaa wima mno, la mbele linainuka. Basi unakaa kwenye ncha ya kiti, unakunja viwiko, unateremsha kifua na kuzungusha miguu polepole. Uko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari na pumzi haitoshi. Karibu na kilele mara nyingi nakutana na shosho, yaani bibi mzee, anayepanda na mzigo wa majani ya ng'ombe, mkanda umemkaza kwenye paji la uso, na mwendo wetu unakuwa mmoja. Ananiambia, “Pole na mlima, mwanangu.” Namjibu, “Asante, shosho, pole na mzigo.” Tunakwenda hivyo bega kwa bega mpaka juu, tukiulizana habari za mvua na bei ya maziwa. Kwenye lami sijawahi kuzungumza na mtu yeyote nikiwa juu ya baisikeli. Kelele haziruhusu.

Kahawa iko migongo ya chini, chai iko ya juu, na mwendesha baisikeli anayetoka mjini huzipita kwa mpangilio huo. Kahawa inachanua mvua ikishanyesha baada ya kiangazi kirefu, na maua yake hayadumu: siku chache tu, meupe, yamejipanga kwenye matawi, harufu yake ni ya asumini. Nikisikia mvua imeshuka Kiambu baada ya miezi ya ukavu, naanza kuhesabu siku. Wapenzi wa kahawa duniani wanaijua SL28, aina iliyochaguliwa na Scott Laboratories pale Kabete katika miaka ya 1930, na bado imo mashambani humu. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba wakulima Waafrika wa hapa walikuwa wamezuiwa kupanda kahawa mpaka miaka ya 1950. Waliichuma tu, kwa mshahara, kwenye mashamba ya walowezi.

Mashamba hayo makubwa ndiyo yanayoyeyuka sasa. Mtaa wa Runda ulikuwa kahawa. Mji mpya wa Tatu City unajengwa kwenye mashamba ya kahawa. Kila mwaka naona mistari ya miti ikigeuzwa kuni, kisha vigingi vya mpimaji, kisha ukuta wenye nyaya za umeme, na barabara ya ndani niliyozoea kupita ikaishia kwenye lango la bluu. Watu lazima wapate pa kuishi, na kahawa haijamlipa mkulima inavyostahili kwa muda mrefu. Naelewa. Lakini katika michoro ya mitaa hiyo mipya nimeona nafasi ya magari, ya maduka na ya bwawa la kuogelea, na sijaona hata njia moja ya kupenyeza baisikeli kutoka upande huu kwenda ule. Njia iliyotumiwa na wachumaji miaka yote inafungwa, na anayetaka kwenda kanisani ng'ambo anazungukia barabara kuu.

Ukipita kahawa na kuendelea kupanda, unafika kwenye chai. Hapa ndipo pa mwendo mrefu bila kugusa breki. Mmea wa kwanza wa chai nchini ulipandwa Limuru mwaka 1903, na Tigoni bado kuna mashamba makubwa ya tangu wakati wa walowezi. Kiambethu, mojawapo ya yale ya mwanzo, hupokea wageni wanaotaka kuona chai inavyolimwa. Kati ya vitalu kuna barabara za murram pana kiasi cha trekta, zimezungushwa kwenye vilima kwa mwinuko wa taratibu ili trekta lipande na mzigo, na mwinuko unaofaa trekta unaifaa baisikeli hata zaidi. Asubuhi mapema ukungu ukiwa bado umelala mabondeni unawaona wachumaji wakiwa wamezama mpaka kiunoni kwenye kijani, aproni za plastiki zimelowa umande, mikono inakwenda kasi: majani mawili na kichipukizi, vinarushwa kikapuni bila mtu kugeuka kuangalia nyuma.

Barabara hizi zina wenyewe. Langoni kuna askari, na askari huyo huombwa ruhusa, tena kwa heshima na kwa kushuka kwenye baisikeli. Mahali pengine watakuruhusu, pengine watakukatalia, pengine wataandika jina lako kitabuni. Ndani, mwenye kikapu mgongoni ana haki ya njia kabla yako, na trekta vilevile. Nimewaona waendesha baisikeli kutoka mjini wakiteremka kwa kasi katikati ya wachumaji wakipiga kelele wapishwe, na siku iliyofuata lango limefungwa kwa kila mtu. Hilo linaniuma.

Nikiwa humo, kuna jambo ambalo siwezi kulisahau. Watu huuliza kwa nini mashamba ya Tigoni hayana nyumba ilhali ng'ambo ya barabara boma limeshikana na boma. Tigoni ilikuwa na watu. Mwishoni mwa miaka ya 1930 na kuingia 1940 serikali ya kikoloni iliwahamisha wakazi Wakikuyu waliobaki humo, ili eneo lote liwe la walowezi, ikawapeleka Lari, kwenye baridi ya juu. Ugomvi wa ardhi uliotokana na uhamisho huo ni miongoni mwa mambo yaliyolipuka katika mauaji ya Lari ya Machi 1953, wakati wa vita vya Mau Mau. Kwa hiyo utulivu ninaoufurahia nikiwa juu ya baisikeli, sehemu yake ililipiwa na familia zilizobeba sufuria na mbuzi zikapanda kuelekea Lari. Napita nikijua hivyo, na nadhani kila anayepita anapaswa kujua.

Kuhusu baisikeli yenyewe nitasema machache, kwa sababu watu hudhani ndiyo jambo kubwa. Baisikeli ya changarawe ina usukani uliopinda kama wa ile ya mashindano ya lami, lakini tairi ni pana, milimita 40 au zaidi, na upepo unajazwa kidogo ili tairi ilambe mawe badala ya kuyarukia. Mpya ni ghali. Wengi wetu tunapanda fremu za chuma za mitumba zilizobadilishwa tairi na fundi, zikaongezewa gia nyepesi nyuma, na zinafika kunakofikwa. Migongo hii ilipandwa na Black Mamba, ile baisikeli nzito ya chuma, kabla sisi hatujazaliwa, isiyo na gia hata moja, ikiwa na mikebe ya maziwa imefungwa nyuma kwa mpira. Adui halisi ni miiba ya kayaba. Mwenye ua akishaupogoa, vijiti vinabaki barabarani, na mwiba wa kayaba hupenya tairi yoyote. Weka dawa ya kuziba ndani ya tairi, au beba tyubu ya ziada, viraka na solusheni. Na mvua ikinyesha, usiende. Udongo mwekundu ukilowa hujaa kati ya gurudumu na fremu mpaka gurudumu linakataa kuzunguka, na utabeba baisikeli begani kwa sababu hata kuisukuma haisukumiki.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe, yaani lami.

Tulikuwa tumepumzika karibu na kituo cha kupimia chai upande wa Kagwe, mimi na mwenzangu, mwalimu wa shule ya msingi aliyezaliwa Githunguri. Mzee mmoja aliyekuwa akingoja lori la kiwanda alituuliza tunatafuta nini huko. Nikamwambia tunazipenda barabara zao kwa kuwa bado hazijapigwa lami. Alinitazama kwa muda. “Nyinyi mnaipenda kwa sababu mnaipita Jumamosi,” akasema. “Mimi naishi nayo siku saba.”

Kisha akaeleza, na kila alichosema ni kweli. Jani la chai likishachumwa linaanza kunyauka na kujipasha joto ndani ya gunia. Lazima lifike kiwandani siku hiyohiyo, na mapema iwezekanavyo. Kichaka kimoja huchumwa kila baada ya wiki moja au mbili, mwaka mzima, kwa hiyo hakuna msimu wa kupumzisha barabara. Lori likikwama Aprili, majani yanaoza gunia kwa gunia, na kilo zilizokataliwa ni za mkulima. Mwenzangu aliongezea ya maziwa. Githunguri wana ushirika wa wafugaji tangu mwaka 1961, maziwa yao yanauzwa Nairobi nzima, na mamake alikuwa akiyapeleka kwenye kituo kabla ya alfajiri. Siku za matope makubwa maziwa yalifika yamechelewa, yakarudishwa nyumbani kunywewa na ndama. Ulipotangazwa ule mpango wa kitaifa wa kilomita 10,000 za lami nyepesi, katika muhula wa kwanza wa Rais Uhuru Kenyatta, hapa watu walishangilia. Mwendesha baisikeli anayesimama mbele ya watu hawa na kusema “acheni murram ni nzuri” hastahili kusikilizwa.

Nimelifikiria neno la mzee huyo tangu siku ile, na katika kufikiri huko nilienda kusoma habari za Toscana, Italia, kwa sababu wale walikumbana na hali hii kabla yetu. Kati ya Firenze na Siena kuna nchi ya mvinyo ya Chianti, ambayo mipaka yake iliwekwa kwa amri ya mtawala Cosimo III mwaka 1716. Ni vilima juu ya vilima vya mizabibu na mizeituni, na katikati yake hupita barabara nyeupe za changarawe, strade bianche. Lami ilikuwa ikizila. Mwaka 1997, katika mji mdogo wa Gaiole in Chianti, Giancarlo Brocci alianzisha safari ya baisikeli za kizamani aliyoiita L'Eroica, na shabaha mojawapo ilikuwa kuziokoa barabara hizo. Waliojitokeza mara ya kwanza walikuwa 92. Leo wanakuja maelfu kutoka kila pembe ya dunia. Mwaka 2007 yakazaliwa mashindano ya waendeshaji wa kulipwa kwenye barabara zilezile, ambayo sasa yanaitwa Strade Bianche, na tangu 2015 yana mbio za wanawake pia. Waendeshaji humaliza kwa kupanda mlima mkali wa Via Santa Caterina, ndani ya Siena, na kuingia uwanja wa Piazza del Campo wakiwa weupe kwa vumbi kuanzia kofia mpaka viatu. Fabian Cancellara wa Uswisi alishinda mara tatu.

Kilichoziokoa barabara za Chianti ni kwamba wenyeji walianza kuona faida yake. Mgeni wa baisikeli analala hapo, anakula hapo, ananunua mvinyo na mafuta ya zeituni hapo. Changarawe ikawa na bei. Lakini zabibu za Chianti huvunwa mara moja kwa mwaka, Septemba na Oktoba, basi. Chai ya Kagwe huvunwa kila wiki. Kwa hiyo hatuwezi kuchukua mfano wa Italia mzimamzima na kuupandikiza Kiambu, na yeyote anayejaribu hajawahi kungoja lori kwenye tope.

Hapa ndipo vidole vya ardhi vinaponisaidia. Barabara anayoitaka mzee wa Kagwe ni ya mgongo: kutoka kituo cha kupimia hadi kiwandani. Hiyo ipigwe lami, tena lami nzuri, na iachiwe ukingo wa mita moja na nusu ambao mtoto wa shule na mwenye baisikeli watapita bila kusukumwa mtaroni. Njia za kuvuka mabonde hazipitishi lori la chai wala la maziwa, na hazitapitisha kamwe, kwa kuwa zimeinama mno. Hizo zinahitaji mifereji ya kutoa maji pembeni, mawe kwenye sehemu zinazobomoka, na madaraja ya miguu yasiyooza. Ni kazi ya sururu na saruji kidogo, na faida ya kwanza ni ya shosho mwenye mzigo. Baisikeli itapita nyuma yake.

Kuna aina ya tatu ya barabara, na hii ndiyo inayonipa matumaini zaidi. Mwaka 1986 serikali ilianzisha ukanda wa chai wa Nyayo, chai iliyopandwa ukingoni mwa misitu ili kuwa kizuizi kati ya mashamba na miti. Ukipanda kutoka Githunguri kuelekea msitu wa Gatamaiyu unafika kwenye ukanda huo: kushoto chai iliyosawazishwa, kulia msitu mweusi, katikati murram inayojipinda kufuata ukingo. Hakuna makazi, hakuna soko, hakuna sababu ya gari kuwepo. Kima hukaa juu ya miti wakikutazama. Baridi ni kali hata Januari, na mahali penye kivuli tope halikauki. Sijui njia nzuri kuliko hiyo karibu na Nairobi, na nimeitafuta.

Wenye miguu zaidi huendelea mpaka Kinale na Kereita, kwenye mdomo wa Bonde la Ufa, wakateremka upande wa pili hadi Naivasha. Huko mizabibu ipo kweli, kwenye ardhi kavu karibu na ziwa, na mvinyo wa Leleshwa unatengenezwa Naivasha. Kuna pia Mbuga ya Hell's Gate, iliyotangazwa mwaka 1984, ambayo ni miongoni mwa mbuga chache nchini zinazoruhusu baisikeli ndani: unapita kati ya kuta za mawe mekundu huku pundamilia wakila nyasi kando yako. Ni safari nzuri ya siku mbili. Lakini si safari ya kila juma kwa mtu wa Ruaka au Kasarani, nami ninayemfikiria ni huyo wa kila juma.

Wakenya wameshaonyesha kwamba mchezo huu ni wetu. Suleiman Kangangi, tuliyemwita Sule, alikuwa nahodha wa Team Amani, timu iliyojengwa ili waendeshaji wa Afrika Mashariki wapate mashindano ya kiwango cha juu bila kungoja viza ya Ulaya. Kutokana na kazi hiyo yalizaliwa mashindano ya Migration Gravel Race kule Maasai Mara mwaka 2021, siku 4 na takriban kilomita 650 za murram, mabwawa na mifugo. Sule alifariki tarehe 27 Agosti 2022 akiwa mashindanoni Vermont, Marekani. Nilikuwa nikimfuatilia kwa miaka, na habari ile ilinikata maini. Kila kijana ninayemwona Kiambu akijaribu kupanda mlima kwa baisikeli ya mitumba, kichwa kimeinama, namfikiria yeye.

Kwa anayetaka kuanza, aanzie Karura. Ni msitu wa zaidi ya hekta 1,000 ndani ya jiji, una njia za udongo zilizotunzwa, na upo mpaka leo kwa sababu Wangari Maathai na wenzake walipigwa mwaka 1999 wakiuzuia usigawanywe viwanja. Lipa langoni, zunguka hadi kwenye maporomoko ya maji, jifunze kushuka na kupanda kwenye kokoto bila kusikiliza nyuma. Kisha tafuta mwenzako anayezijua njia, mpande pamoja kuelekea Tigoni mwezi wa Januari au Februari, kukiwa kukavu. Beba pesa ndogondogo na uzitumie: chai, andazi na nduma za kuchemsha kwenye vibanda vya Ngecha zina thamani kwa muuzaji na kwako pia. Salimia kila mtu.

Sisi tunaopita huko mara kwa mara tumeanza kuandika mivuko tunayoijua, bonde kwa bonde: wapi daraja limeoza, wapi mfereji umekula njia, nani anaitumia na kwa kazi gani. Tunakusudia kuipeleka orodha hiyo kwenye kikao cha maoni ya umma kabla ya bajeti ya kaunti, na kumkabidhi mwakilishi wadi nakala. Mzee wa Kagwe tulimrudia tukamwonyesha. Aliisoma yote, akauliza mbona barabara ya kituo chake haimo, akasema hatatia sahihi mpaka aione. Tumeiandika, na iko ya kwanza.